Kipande Namba 4417

Muhula wa kwanza tulifundishwa kushuku.
Dakta Mbelwa aliugawa ubao kwa mstari mmoja,
huku vyanzo vya awali, huku vya pili,
akapuliza vumbi la chaki kiganjani, akasema:
Karatasi nayo ni shahidi. Ihojini.
Nani aliiandika, kwa mshahara wa nani,
na alikuwa anatazama wapi alipoandika.
Nilinakili yote. Nilipata alama nzuri.

Likizo nikarudi Tanga na daftari jipya,
barua ya utambulisho yenye mhuri,
na kinasa sauti cha kuazima.
Ofisi ya zamani ya shamba la mkonge, nje ya Pongwe:
karani alinifungulia chumba kinachonuka popo.
"Soma, lakini usilambe kidole kufunua.
Kurasa hizo zina dawa ya mchwa."

Siku tatu, madaftari.
Majina haba; namba ndizo zilizokata mkonge,
namba zilizoharisha, namba zilizopunguziwa posho,
namba mbili zilizotwangana kwa ajili ya sufuria.
Ndipo walipoitwa manamba, nikaandika pembeni,
nikapigia mstari,
kana kwamba nimevumbua neno
ambalo mtaani kwetu watoto hutukaniana.

Siku ya nne, 4417.
Ntakije wa Kasulu; karani wa enzi hizo
alisikia Takichi, akaandika alivyosikia.
Babu yangu.
Visanduku thelathini vya kipande,
kumi na tisa vimetiwa alama, ngwe imekamilika,
kisha wino mwekundu, mwandiko wa mtu mwenye njaa:
MTORO.

Bibi alikuwa anakuna nazi, Barabara ya Kumi na Nne.
"Mtoro? Yule hakukimbia hata mvua!
Alijikata panga mguuni, nikamuuguza miezi miwili."
Jumanne ilikuwa miezi mitano.
Alhamisi haikuwa panga tena,
ilikuwa mwiba wa mkonge, jichoni.
Nikaileta picha ya ndoa yao:
macho mawili, mazima, yanamkodolea mpiga picha.
Bibi akaitazama, akanitazama.
"Huko chuoni mnafundishwa kuwavizia watu?"

Sikuwa na jibu. Nina sura nzima ya mbinu za utafiti,
kulinganisha masimulizi, kupima kumbukumbu,
hakuna aya inayosema ufanye nini
shahidi wako anapokupakulia wali.

Nilikula. Taa ya kinasa sauti iliwaka,
nyekundu kama ule wino.
"Kizime," akasema.
Nikakizima.
Akanieleza, tui likichemka na kushuka,
kwa sauti ile ile ya kuagiza chumvi,
kwa nini mtu huacha visanduku kumi na kimoja vitupu.
Mara mbili aliinuka kukoroga.
Mara moja hakuinuka, tui likakatika,
tukaliacha.

Hayo hayamo humu.

Tasnifu ina kurasa tisini na tatu.
Majedwali, ramani ya reli, tanbihi mia mbili na sita.
Ukurasa wa arobaini na moja nina sentensi
niliyoiandika usiku, nikaifuta, nikairudisha:
Sababu za kuondoka kwa mfanyakazi huyu hazijulikani.

Dakta Mbelwa ameizungushia kwa penseli.
Pembeni, kwa herufi ndogo, ameuliza:
Hazijulikani na nani?