Mabano

Saa tano za usiku, Langoni, umeme umerudi.
Nimeandika mistari miwili tu:

    jumla 0 = 0
    jumla n = n + jumla n - 1

Nilitaka kumhesabia mama matundu ya kofia,
pembetatu anayoitoboa upande wa kisogoni:
safu ya kwanza tundu moja, ya pili mawili,
hadi ya tano. Nikauliza: jumla 5.

Kompyuta ikanyamaza.
Kisha feni yake ikaanza kuvuma
kama mtu apulizaye chai asiyokusudia kuinywa.
Hakuna jibu. Hakuna hata kosa jekundu la kunitukana.
Joto tu, chini ya kiganja.

Niliapa sifuri nimeiweka. Mlango wa kutokea upo,
tazama, mstari wa kwanza!
Nikabadili jina. Nikafuta nafasi, nikairudisha.
Nikamlaumu aliyeniuzia mashine hii Mombasa,
naye maskini amelala zake.

"Nisomee," mama akasema, uzi mdomoni.
Si kwamba anajua. Alichoka kunisikia nikisonya.

Nikamsomea: tuseme Mize kaulizwa jumla ya tano.
Hana. Abisha kwa Kupi: jumla ya tano ni ngapi?
Akijibiwa ataongeza tano yake, halafu atatoa moja.
Kupi naye hana. Abisha kwa Bi Amria:
jumla ya tano ni ngapi? Bi Amria kwa Famau, Famau kwa...

"Wote waulizana tano ile ile?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimeshawaona:
kichochoro kizima kimejaa watu,
kila mmoja mkono mlangoni pa mwenzake,
kila mmoja na tano yake kwapani,
akingoja jibu ndipo atoe moja,
wala hakuna aliyetumwa na nne.
Sifuri amekaa nyumba ya mwisho, taa inawaka,
chakula kimepoa, hapati mgeni.
Nyuma yao punda wa mchanga amekwama,
mwenyewe apiga kelele, Simile! Simile!
Kumbe ndiyo hiyo feni.

Moja niliitaka itolewe kabla ya kubisha hodi.
Mashine hulishika neno lililo karibu na jina,
linalobaki hulikalisha nje barazani.

    jumla n = n + jumla (n - 1)

Mabano mawili,
viganja vilivyofumbata kifaranga
hadi afike mikononi mwa mwingine.

Kumi na tano. Limekuja kabla sijainua kidole.
Kichochoro kimefunguka, watu warudi kinyumenyume
wakipokezana: moja, tatu, sita, kumi.

Mama hakuniamini. Alihesabu kwa ncha ya sindano,
midomo ikicheza.
"Kumi na sita," akasema.

Moyo ukanipasuka. Nikarudi kwenye mistari yangu miwili,
nikaisoma herufi kwa herufi, nikaisoma tena.

"Ngoja." Aliisogeza kofia kwenye taa.
"Safu ya nne. Nimetoboa matano."
Akasonya, akatafuta mkasi,
akaanza kufumua.