Ncha Mbili za Futi

Futi yangu ina miaka kumi na tisa.
Namba za mwanzo zimefutika, saba naijua kwa kidole.
Hapa Kibuye, nyuma ya wauza mitumba,
nimeizungusha viuno vya maharusi, vya manesi,
vya kwaya nzima ya Manyatta ambayo haijanilipa,
nikaona, bila kutaka,
yale watu wanayoyavalia nguo.

Niliona jipu kwapani mwa Ogweno mbeba magunia,
jekundu, la moto, lenye jicho la manjano.
Alikuwa ameliminya kwa vidole vya kazini.
Acha, nikamwambia. Kitambaa safi, maji ya moto
ya kuvumilika, asubuhi, mchana, jioni.
Likigoma, au homa ikupande, wembe ni wa daktari.
Alicheka. Wiki ya pili akaja na bendeji,
akaomba shati la kwapa pana.

Niliona mjukuu wa Mama Risper,
magaga ya rangi ya asali puani na kidevuni
kama aliyesahau kujifuta chai.
Jicho la jirani, bibi akaapa.
Jicho gani hilo linalosafiri kwa taulo
hadi shavuni kwa dadake?

Lakini leo ni Mwalimu Kageha,
gauni la harusi ya bintiye, Jumamosi ijayo.
Futi ilipogusa ubavu wa kushoto alishika meza.
"Taratibu, fundi. Tangu juzi naungua bila moto."
Nyuma ya pazia akapandisha blauzi:
malengelenge, mashada kwa mashada,
yameanzia uti wa mgongo yakaja mbele
yakakoma kitovuni,
kama msafiri aliyefika mpakani bila kitambulisho.

"Mkanda wa jeshi," akasema mwenyewe.
"Shemeji amenipaka jivu. Anasema ncha zikikutana
mtu amekwisha."

Nikaketi. Mwalimu, kazi yangu ni kukutanisha ncha.
Kiuno chako thelathini na nane, hizi hapa zimekutana,
na bado una deni langu la mia tatu.
Mkanda huu hushika upande mmoja,
hufuata mshipa wake kama mkasi unavyofuata chaki.
Uliwahi kuugua tetekuwanga?

"Darasa la tatu, Chavakali."

Basi kile kirusi hakikuondoka.
Kilijikunja ndani ya pindo lako miaka arobaini
kikingoja siku uchoke.
Mimi wangu niliuficha wiki nzima.
Vidonda vilifunga, uchungu ukakataa kuhama.
Hadi leo sidiria naifunga kwa ndoana ya mwisho.

Dawa ipo, ila ina saa:
siku tatu tangu lengelenge la kwanza, ikizidi hapo inachechemea.
Nenda sasa hivi, gauni halina miguu.
Osha hilo jivu kwa maji na sabuni, usitumbue kitu.
Watataka kupima damu pia. Kubali.
Ni kipimo tu, kama hiki.

Hapo alinyamaza. Akafunga vifungo, akaruka kimoja.

Na bibi harusi, nikasema, asikupake dawa.
Asiguse hata kanga yako mpaka vikauke,
kama hajawahi tetekuwanga.

"Hajawahi. Lakini kwa nini yeye hasa?"

Nilikuwa nimetia pini mdomoni.
Pini mdomoni ni sababu njema ya kunyamaza.
Gauni jeupe lilikuwa ukutani, limefunikwa,
lenye inchi mbili nilizoongeza Jumatano usiku
kwa ombi la mtu aliyelia.

Mwalimu alilitazama.
Akatazama futi shingoni mwangu.
Vidole vyake vikahesabu kitu, taratibu, hadi cha nne.

"Langu," akasema mlangoni, "usilibane kiunoni."
Akashika ubavu wake,
akaenda kutafuta boda.