Fundo la Kushoto

Kenta imeingia Uyole kabla ya jua,
magunia arobaini ya viazi vya Isongole mgongoni,
taa za mbele njano, kama chai iliyoongezwa maji.
Tusekile anapuliza vidole.
"Taa ya betri iliwaka tangu mlimani,
nikajifanya sijaiona."

Nalegeza mkanda. Spana inauma kwa baridi.
Nachora mstari kwenye ganda, nisisahau lilivyokaa,
ndipo naligonga kwa nyundo ya mbao, taratibu,
mpaka liachie.

Rota nzima. Naizungusha karibu na sikio:
beringi ya nyuma imekula mchanga.
Stata, shaba bado nyekundu, hainuki kuungua.
Dayodi sita, moja moja;
huku zinapitisha, huku zinakataa, ndivyo ipasavyo.

Brashi sasa.
Moja ya dukani, imelika hadi mzizi.
Ya pili si brashi.
Ni kaa la betri ya tochi, limechongwa kwa tupa,
waya umezungushwa mara tatu
na kufungwa fundo la kushoto.

Fundo hilo nalijua.
Ambwene, kaka yangu, alipanda basi la Tunduma,
akasema, narudi Ijumaa.

"Mara ya mwisho ulitengenezea wapi?"
"Chimala. Kijana wa mkono shoto.
Hakutaka hela, alitaka viazi."

Chimala. Hapo tu.

Natia brashi mpya, beringi mpya, grisi,
mstari juu ya mstari, nakaza.
Injini inaitika. Volti kumi na nne.
Taa nyekundu imezima.

Kaa lile nimelitia mfukoni.
Linachafua vidole.