Kikoa

Niliposoma kwenye fomu, "jina la kikoa,"
shangazi alicheka mpaka kanga ikamdondoka.
"Kikoa? Mwanangu, kikoa nakijua mimi.
Barabara ya Kumi na Tatu, nyumba saba,
leo kwa Bi Mwanakheri, kesho kwa kina Semhando,
kila mlango na siku yake ya kupika.
Asiye na nazi aliazima. Zamu hakuiruka."

Nikamwambia hiki ni kingine, hiki ni anwani.
Mtu wa Lindi au wa Oslo
akiandika jina la mazulia yenu ya mkonge,
kuna daftari linaloulizwa: hawa wanakaa wapi?
Juu ya daftari hilo kuna jingine,
na juu kabisa kuna moja, mama yao,
lenye mistari michache, lakini likikosea
dunia nzima inapotea njia.

"Nani kalishika?"

Feni ilikwaruza. Nikatafuta maneno.
Kuna serikali moja, ng'ambo,
imesimama miaka yote nyuma ya karani.
Haiandiki. Mstari ukibadilishwa
inachungulia, inatikisa kichwa: haya, sawa.
Jumamosi hii mkataba unakwisha, inaondoka.

"Inamwachia nani?"

Walimwengu, nikasema.
"Walimwengu! Hawa hawa wanaosengenya?"
Hao hao, shangazi. Mafundi, wenye makampuni,
wasomi, serikali nyingi badala ya moja,
na mtu yeyote mwenye hoja.
Nikaona haya, neno lilivyo kubwa
ndani ya chumba chenye mashine moja ya fotokopi.

Usiku wa manane wao ulikuwa saa moja yetu asubuhi.
Nilifungua duka kabla ya muuza vitumbua kuwasha moto,
nikaandika majina: la benki, la gazeti,
la chuo kilichoninyima nafasi.
Yote yakafunguka.
Malori ya saruji yalipita yakitikisa vioo
kama yalivyovitikisa Ijumaa.
Jambo kubwa likapita mlangoni kwangu
bila hata kupiga hodi.

Jumapili, kikoba. Kasha la bati, kufuli tatu,
wenye funguo watatu, wasioishi mtaa mmoja.
Shangazi macho yamemwishia, noti hazitofautishi.
Akaufungua ufunguo wake kutoka pindo la kanga,
akauweka mkononi mwa Riziki wa cherehani,
akasema kama wasemavyo watu wa kwao,
akijifanya anatania:

*Ufunguo si wa kwangu, nimepewa kuutunza,
Si urithi wa wanangu, ajaye nitamfunza,
Nikirudi kwa Muungu, tamaa isije ponza,
Cha wote hakina mwenye, kila mtu ana zamu.*

Riziki alilia. Mama Semhando akamwambia
alie baadaye, kwanza ahesabu.

Njiani kurudi Makorora, shangazi akanishika mkono.
"Hao walimwengu wako hukutana wapi?"
Mahotelini. Mwaka huu nchi hii, mwakani ile.
"Na nauli?"
Kila mtu na mfuko wake, ila wachache husaidiwa.
Akatembea nyumba nne bila neno.
"Kikoa cha nauli," akasema.
"Anayekula ni aliyefika."

Sikuwa na jibu, na bado sina.
Najua tu kwamba jicho moja limeondoka juu ya daftari
na mengi yamealikwa.
Kualikwa si kufika.

Fomu yake ilikuwa bado wazi kwenye kompyuta.
Mmiliki, inauliza. Niandike wewe?
"Mimi? Mimi nasuka kingo tu.
Acha pengo, tukaulizane."
Fomu haikubali pengo, shangazi.
"Basi ifunge. Tutakuja sote."

Jumatatu walikuja kumi na mmoja.
Viti nilikuwa navyo viwili.