Changa

Sura ya tatu ya tasnifu yangu inaitwa
"Wajibu wa Dola kwa Kampuni Changa: Mafunzo ya Ng'ambo",
na imenikwama kooni kama mwiba wa tasi.

Nimekaa dakani, Langoni, tarakilishi mapajani,
chaji asilimia kumi na moja, stima imekwenda tangu adhuhuri,
nasoma sheria ya nchi ambayo theluji yake sijapata kuiona:
kwamba mwenye wazo akisajiliwa asubuhi
hupewa ruzuku kabla baridi ya jioni haijashuka,
miaka mitatu haulizwi kodi,
na akianguka
serikali humpangusa vumbi, ikamwambia, jaribu tena.
Kifungu cha tisa, fasili ndogo ya pili.
Nimekisoma mara nne. Si kwamba sikukielewa.

Wana kitu wanakiita kiwanja cha mchanga:
kampuni hutiwa humo kama mtoto,
ikachezea kanuni, ikabomoa, ikajenga,
na askari wa sheria yuko pembeni, kirungu amekificha mgongoni.

Mchanga!
Nyanya yangu, Mungu amrehemu, hakutamka mchanga.
Kwake ulikuwa mtanga,
na mtanga wa Shela aliubeba viatuni hadi Mkomani.
Nikiliandika neno lile kwa lafudhi yake
nasikia na kutanga humo ndani:
kutanga na njia, kutanga na bahasha,
dirisha la kwanza, dirisha la pili, karani ameenda kuswali,
karani amevuka Mokowe, rudi Jumatatu.

Ndivyo alivyotanga Khala Barke
kutafuta ruhusa ya kuuza achari.
Cheti cha afya. Leseni ya kaunti. Alama ya ubora.
Picha mbili za pasipoti; zake au za achari, hakuambiwa.
Mkaguzi alikuja na boti ya saa nne,
akahesabu vigae vya jikoni,
akaonja ya embe, akaonja ya ndimu,
akaondoka na chupa mbili za ushahidi.
Ushahidi haujarudi.

Na mtaji haukutoka hazina yoyote.
Ulitoka Ijumaa baada ya Ijumaa,
wanawake kumi na wawili wa mtaa, mia tano mia tano,
ndani ya mkebe wa maziwa ya unga;
Bi Shamsa alipokosa, alileta vitunguu saumu.
Walichanga.
Naam, changa lile lile la kampuni,
limegeuza mtandio tu.

Dokta Mutheu ameandika pembezoni kwa wino mwekundu:
"Dola iko wapi hapa? Na ushahidi uko wapi?"
Nataka kumjibu kwamba mkaguzi aliondoka nao.

Ndani, kisu kinagonga kibao. Khala anakata maembe
mabichi, magumu, yanayotia meno ganzi,
na anaghani polepole, kama anayehesabu:

Embe changa la mtini, usilitupe, mchanga,
litie chumvi chunguni, na pilipili ya unga,
siku saba li juani, limefunikwa kitunga,
ndipo lingie sokoni, bei yake ukapanga.

Siku saba. Kurasa mia mbili za wataalamu nimezipekua,
hakuna aliyethubutu kutaja siku.

Tanbihi ya arubaini na saba:
Mahojiano na Bi Barke Athman, jikoni kwake, Langoni,
mikono ikiwa na manjano.
Mwongozo wa marejeo hautambui manjano.
Nimeyaacha.

Chaji asilimia nne. Khala atokeza kichwa mlangoni.
"Twaha, hiyo serikali yako ya theluji..."
"Labeka, Khala."
"Hao hula pilipili?"