Herufi Kumi na Moja

Simu imeita nikiwa na unga hadi viwikoni.
Kijana, sauti yake bado mbichi, anasoma karatasi:
"Mama, unajihesabu kuwa Mkristo wa Kiinjili?
Jibu ndiyo, au hapana, au sijui."

Ngoja, nimemwambia. Ngoja ninawe.

Hapa Iowa ni Novemba, mahindi yameshavunwa,
yamebaki mabua, na upepo
unaotoka Dakota bila kupiga hodi.
Baba yangu Gerrit, fundi wa maghala,
ndiye aliyelichonga neno hilo kwa mbao za mwaloni,
herufi kumi na moja za kukaa juu ya mlango wa kanisa,
mwaka ule nilipong'oka meno ya mbele.
Kabla hajazipigilia alizipanga mezani,
akafunika mbili za mwanzo kwa kofia,
nne za mwisho kwa koti lake:
"Soma zilizobaki, Arlys."
Nikasoma: malaika.
"Basi," akasema, "malaika ni tarishi tu.
Ana barua. Barua ni njema. Hakuna zaidi."

Zaidi ilikuja.
Ilikuja na televisheni, na mabango ya kura nyasini,
na wagombea walioshika mikono yetu kwenye maonyesho ya ng'ombe
wakitazama saa.
Neno likaanza kutembea na asilimia
kama tajiri anavyotembea na mlinzi.
Mwanangu Darrin akilisikia husimama wima.
Joelle, wa Minneapolis, akilisikia huweka uma chini.
Meza ni ile ile, bata mzinga ni yule yule.
Na Wiebke, mwanafunzi wa Hannover tuliyemkaribisha mwaka mzima,
alicheka hadi akapaliwa:
"Kwetu neno hilo liko kwenye karatasi ya kodi!
Maana yake, bibi yangu hakuwa Mkatoliki."

Majira ya kuchipua baraza lilipiga kura, tisa kwa saba.
Mchungaji Duane alisema: watu wanasoma lebo,
hawafungui kopo.
Mimi nilikuwa katika wale saba.
Mimi pia ndiye niliyeshika ngazi.
Zilipong'olewa, chini yake rangi ilikuwa nyeupe, mpya,
jua halijawahi kuigusa,
na neno likasomeka kuliko siku zote.
Tumepaka mara mbili. Mvua ikinyesha
bado unaliona, ukijua pa kutazama.

Mbao ziko ghalani kwangu.
Moja naning'inizia ndoo. Kuku hulala juu ya nyingine.

Nimwambie nini kijana huyu?
Kwamba usiku Harlan Tjaden alipozama ndani ya soya
nilikwenda kwa mkewe bila aya hata moja mdomoni?
Nilikuta sinki limejaa. Nikaosha hadi kukapambazuka,
sahani zilizokwisha kutakata nikaziosha tena,
kwa kuwa mikono haikujua pa kwenda.
Miaka sita baadaye alisimama kanisani akasema
usiku ule ndipo alipoisikia habari.
Sikujua nimehubiri.
Nilidhani naosha vyombo.

"Mama? Bado upo?"

Nipo. Na wewe, mwanangu, unalisikiaje neno hili?

"Siruhusiwi kusema, mama."
Nyuma yake nikasikia sauti nyingi, chumba kizima
cha watu wakiwauliza watu wengine wao ni nani.

Umekula?

Kimya. Kisha: "Bado."
Swali hilo, angalau, lilikuwa na jibu.
Nikamwambia kuna mkate, saa mbili zijazo, kama angekuwa karibu.
Akacheka. Yuko Arizona.

Nadhani ameniandika kwenye "sijui".
Nimerudi mezani.
Donge limeumuka bila kunisubiri,
limeinua kitambaa.