Kilo Mbili

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na mwandiko mzuri
baba aliponikabidhi daftari la mizani.
"Aganetha, andika nitakachokutajia,
si unachokiona."
Nikaandika.

Kule Chaco, Paraguay, sisi Wamenno tulilima karanga
katika vumbi linalopenya hata Biblia iliyofungwa.
Waenlhet walituletea magunia yao tuwauzie mjini.
Wao hawakuwa na mizani, sisi tulikuwa nayo,
ya chuma, ya kijani, imevuka bahari kutoka Ujerumani,
na sindano yake haikuwahi kusema uongo.
Sindano ilisema hamsini.
Baba alisema arobaini na nane.

Si wizi, alisema, karanga hukauka njiani,
na mtoto wa kike utajua nini?
Nami nilikuwa nimefundwa kutii kabla ya kujua kusoma:
mtoto kwa mzazi, mke kwa mume,
mkutano kwa wazee, wazee kwa Neno,
ngazi imesimama wima hadi mbinguni
nami nimekalia kidato cha chini, kalamu mkononi.

Kulikuwa na mtu mmoja, Anselmo, kofia ya majani.
Hakuitazama sindano. Alinitazama mimi,
kisha kalamu.
Wino ukanidondoka juu ya jina lake
na baba akanizaba kofi kwa kuchafua daftari.
Kwa kuchafua daftari tu.

Tulimzika baba Agosti, upepo wa kaskazini ukivuma.
Mhubiri alimwita mtumishi mwaminifu.
Niliimba sauti ya pili bila kukosea,
huku nikijiuliza: huko aliko, anayemwandikia ni nani,
na anaandika anachokiona?

Miaka arobaini na mitatu ilipita ndipo nikasimama
upande wa wanawake, kitambaa cheusi kichwani,
nikawasomea hesabu: misimu sita,
magunia elfu moja mia nane,
kilo elfu tatu na mia sita.
Mzee Cornelius Wiebe akakohoa.
"Dada, wewe ulitii. Aliyetii hana deni.
Dhambi imelala kaburini na mwenyewe."
Wakaniombea. Wakanipa kahawa na mkate wa sukari.
Nilisamehewa upesi,
kama mtu anavyofukuza kuku jikoni.

Lakini Bwana, niliona hamsini.
Kama kutii ni kufumba macho, ulinipa ya nini?
Usinipime kwa mizani ya kwetu,
wazee wangu watanipunguzia kwa huruma.
Nipime kwa ile ambayo Anselmo angeiamini.

Jumatatu nikapakia gunia la kwanza.
Anselmo alikwisha kufa. Nilimkuta mjukuu wake, Ramona,
mtoto mgongoni, mikono ina unga.
Alinisikiliza tukiwa tumesimama.
Hakulia, hakunikumbatia, hakunikaribisha kiti.
"Weka chini," akasema,
akaingia ndani akatoka na mizani ya ndoano,
akaitundika kwenye tawi la mti wa miiba.

Hamsini na mbili.
Nilikuwa nimeongeza, nakiri,
ili nirudi nyumbani nikiwa mwepesi.

Ramona akafungua gunia. Akachota kwa bakuli,
taratibu, mara ya mwisho kwa vidole, punje kwa punje,
mpaka sindano ikatulia.
Zilizozidi akanimiminia kwenye aproni.
"Hizi zako. Babu hakudai sadaka."
Kisha: "Yamebaki mangapi?"

"Sabini na moja."

"Andika," akasema. "Limepokewa moja, kilo hamsini."

Nikafungua daftari, karanga zikinimwagikia miguuni.
Nikaitazama sindano kwanza,
muda mrefu,
ndipo nikaandika.